Mzee wetu alikuwa mtu wa HMS London. London ipi?

*Swali la msomaji:* "Asalaam alaykum mwalimu. Naandika kutoka Unguja. Kwenye mkoba wa marehemu bibi tumekuta karatasi iliyochakaa, imeandikwa kwa wino: H.M.S. London, Zanzibar, 1879, kisha neno Seedie, na mwisho herufi V.G. Jina la mwenye karatasi limefifia, linasomeka Mabruk tu. Bibi alikuwa akisimulia kwamba babu wa baba yake alikuwa 'mtu wa manowari ya London'. Nimetafuta mtandaoni nikachanganyikiwa. Nimekuta London iliyolipuka mwaka 1665, London ya vita vya Gallipoli mwaka 1915, London ya China mwaka 1949 na London iliyouzwa Romania. Binamu yangu mmoja anasema zote ni meli ile ile inayotengenezwa na kurudi baharini, kwa hiyo mzee alipigana Gallipoli na tudai haki zake. Mwingine anasema karatasi imeghushiwa, kwa sababu London ilijengwa mwaka 1899, haiwezi kuwa ilikuwepo 1879. Na kuna mtu wa ng'ambo tuliyekutana naye mtandaoni, anataka tumtumie pesa atutolee cheti cha utumishi na medali ya mzee. Nani mkweli? Na mimi nianzie wapi?"

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na jibu, maana naona nyumba imeshagawanyika. Maneno yaliyomo kwenye karatasi yenu yanakubaliana na historia. H.M.S. ni kifupi cha Kiingereza chenye maana ya meli ya mfalme au malkia wa Uingereza. Mwaka 1879 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na manowari moja tu iliyoitwa London, nayo ilikuwa imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe, mahali ambapo bibi yenu angeweza kukuonyesha kwa kidole. Meli ya Gallipoli, yaani ya vita vya kule Uturuki mwaka 1915, ni nyingine kabisa, ilishushwa majini miaka ishirini baada ya tarehe ya karatasi. Kwa hiyo binamu wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja ana sababu ambayo imewapoteza hata watafiti wazoefu. Na pesa msitume.

Nitakachoshindwa kukuambia kutoka huku niliko ni kama karatasi yenyewe, wino wake na uzi wake, ni ya wakati huo. Hilo linahitaji mtu aishike mkononi, na nitakueleza umpeleke nani.

Kwanza tuelewe kwa nini majina yanajirudia. Jeshi la majini la Uingereza lina desturi ya kurithisha majina, kama sisi tunavyompa mjukuu jina la babu. Meli inapozama, inapouzwa au inapovunjwa vyuma chakavu, jina linabaki huru, na siku inapoagizwa meli mpya wakubwa wanapitia majina yaliyokwisha kulitumikia jeshi kwa heshima na kulichagua moja. Pamoja na jina meli mpya inarithi pia heshima za vita. Ukipanda meli iliyojengwa juzi unaweza kukuta ubao umechongwa majina ya mapambano ya miaka mia tatu iliyopita, ambayo chuma kile hakikuyaona. Ubao wa namna hiyo umewafanya watu wengi waamini kwamba meli ni moja.

Ipo na sababu ya fedha na siasa. Jina la mji linawafunga watu wa mji huo na meli yao. London ya kwanza iliyojulikana sana ilishushwa majini mwaka 1656. Tarehe 7 Machi 1665 ililipuka kwenye mlango wa mto Thames, karibu na Southend, baruti ikaua zaidi ya watu mia tatu. Wafanyabiashara wa mji wa London walichanga fedha ijengwe nyingine, na kwa shukrani ikaitwa Loyal London. Mwaka uliofuata tu baada ya kushushwa majini, 1667, Waholanzi waliingia mto Medway wakaichoma moto. Mabaki yake yakajengewa meli nyingine, na hiyo ikatoka mwaka 1670 ikiitwa London tena, ikajengwa upya mwaka 1706, na ikavunjwa mwaka 1747.

Hapa nimpe haki yake binamu wako wa kwanza. Katika karne ya 17 na ya 18 meli ya mbao ilikuwa ikifumuliwa, mbao nzima zinaokolewa, inajengwa upya na kuendelea na jina lake. Mtu akibishana kwamba London ya 1706 na ya 1670 ni meli moja, siwezi kumcheka. Lakini desturi hiyo ilikufa zamani. London iliyofuata, ya 1766, ilikuwa mpya tangu mkuku. Ndiyo iliyobeba bendera ya amiri wa Waingereza katika mapambano ya Chesapeake mwaka 1781, Wafaransa walipowazuia kuwaokoa wenzao wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Ya 1840 ilikuwa mpya. Ya 1899 ilikuwa ya chuma na makaa ya mawe, haina ubao hata mmoja wa dada yake.

Sasa tuje kwenye London yenu, ya 1840.

Ilishushwa majini kwenye karakana ya Chatham ikiwa manowari ya mbao, ya matanga, yenye mizinga 90. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, ilipigwa vibaya na ngome za Sevastopol. Baadaye, mwaka 1858, ilitiwa injini ya mvuke, kwa sababu matanga matupu yalikuwa yamepitwa na wakati. Ilipofika miaka ya 1870 ilikuwa imezeeka, haiwezi tena kusimama mbele ya manowari za chuma. Kwa vita vya Ulaya ilikuwa imekwisha. Kwa Unguja ilikuwa na kazi.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Mkataba ni karatasi. Bahari ni pana, na kati ya Pemba na bara majahazi yalivuka usiku. Waingereza walihitaji kituo cha kudumu, na badala ya kujenga kambi nchi kavu walileta meli kubwa iliyozeeka wakaitia nanga mwaka 1874. Fikiria jengo la mbao la ghorofa kadhaa linaloelea, lenye ghala, karakana, wagonjwa na mamia ya watu ndani yake. Lenyewe haliendi popote. Kazi inafanywa na mashua zake, zinazotoka kwa siku au majuma kuvizia majahazi kwenye vijito vya Pemba na njia za kuingilia Unguja, kisha zinarudi kwa mama yao kupata maji, chakula na watu wapya.

Kazi hiyo iliua. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa HMS London mwenyewe, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi la watumwa lililopandisha bendera ya Ufaransa akiwa katika mashua yake ya mvuke. Miaka miwili baadaye London iliondolewa kazini, na mwaka 1884 ikauzwa ivunjwe. Tangu hapo hadi 1899 jeshi la Uingereza halikuwa na London yoyote.

Kwa hiyo unaona alipokosea binamu wa pili. Aliandika jina kwenye mtambo wa kutafutia, ikatokea picha ya manowari ya chuma yenye mabomba mawili ya moshi na maelezo ya Gallipoli, akaona mwaka 1899, akafunga shauri. Meli hiyo ndiyo iliyopeleka askari wa Australia kwenye ufukwe karibu na Gaba Tepe tarehe 25 Aprili 1915, na kwa kuwa watu wa Australia wanaikumbuka siku hiyo kila mwaka, habari zake zimejaa kila mahali. Mtandao humletea mtu kwanza kinachotafutwa na wengi, na wanaotafuta habari za meli iliyotia nanga Unguja ni wachache.

London nyingine ulizozikuta nitazipitia haraka ili zisikusumbue tena. Ya China ni ile iliyoshushwa majini mwaka 1927. Aprili 1949 iliingia mto Yangtze kujaribu kuiokoa manowari Amethyst, ikapigwa mizinga na majeshi ya kikomunisti ikarudi. Ikafuata ya makombora, ya mwaka 1961, iliyouzwa Pakistan mwaka 1982 na kuitwa Babur. Pakistan nao walikuwa wamekwisha kuwa na Babur nyingine, waliyoinunua kwa Waingereza miaka ya 1950 ikiwa inaitwa Diadem. Kwa hiyo mjukuu wa baharia wa Pakistan atakuja na swali kama lako, lakini yeye atakuwa na majina mawili ya kufumbua. Ya Romania ndiyo ya mwisho, ya miaka ya 1980. Iliuzwa 2003 na sasa inaitwa Regina Maria.

Njia ya kuzitenganisha ni rahisi mno ukiishaijua. Wanahistoria wa meli hawataji jina peke yake. Wanataja jina na mwaka wa kushushwa majini. Wewe sema HMS London ya 1840, kila mara, kwenye barua, kwenye maombi, hata mnapozungumza nyumbani. Kisha kila habari unayoipata ipitishe kwenye maswali haya: ni mwaka gani, meli ilikuwa wapi, na ilikuwa ikifanya kazi gani? Yote matatu yakikubaliana na karatasi yako, chukua. Moja likikataa, weka kando kwanza. Na picha pia zitakusaidia. London yenu ni ya mbao na umbo la kale, ubavu mrefu wenye safu za madirisha ya mizinga. Ukiona mabomba mawili ya moshi na mizinga mikubwa iliyo kwenye minara inayozunguka, hiyo ni ya wajukuu zake.

Usidhani tatizo hili ni la London tu. Pwani yetu imejaa majina pacha, na nikuonye juu ya machache kwa sababu utakutana nayo katika nyaraka zile zile.

La karibu zaidi na wewe ni Glasgow. Ukisoma kwamba Glasgow ilizamishwa Unguja tarehe 27 Agosti 1896, usiende kuitafuta katika orodha ya manowari za Uingereza zilizopotea, hutaiona. Hiyo ilikuwa meli ya Sultani mwenyewe. Barghash aliiagiza Scotland baada ya kimbunga cha 1872 kuangamiza meli zake, akataka ifanane na HMS Glasgow, frigeti ya Kiingereza iliyokuwa ikipeperusha bendera ya amiri katika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo katika bahari hiyo hiyo, kwa kupishana miaka michache, zilipita Glasgow mbili za wenyewe wawili. Ya Sultani ndiyo iliyowajibu Waingereza kwa mizinga asubuhi ile waliyoipiga kasri ya Khalid bin Barghash, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji mbele ya mji kwa miaka mingi. HMS Glasgow iliyopigana Coronel na Falkland mwaka 1914 ni ya tatu, wala haihusiani na kisa hicho.

Pegasus nayo. Iliyozamishwa na Wajerumani bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa imesimama kutengeneza mitambo yake, ni ya 1897. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa Chapwani. Waingereza hawakusubiri, mwaka 1917 tayari walikuwa na Pegasus nyingine, ya kubebea ndege. Halafu mwaka 1934 walihitaji jina la Ark Royal kwa meli mpya, basi Ark Royal ya zamani wakaivua jina na kuiita Pegasus. Hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito, maana chuma ni kile kile lakini jina ni jingine, na baharia mmoja anaweza kuwa na majina mawili ya meli kwenye kitabu chake bila kuhama hata kitanda. Sheria yao ni kwamba katika jeshi moja meli mbili haziwezi kushika jina moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mara nyingine ya zamani ndiyo inayopisha.

Na Wajerumani walifanya hivyo hivyo. Königsberg iliyoizamisha Pegasus ilimalizwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Kabla mwaka huo haujaisha wakashusha Königsberg ya pili, ambayo Novemba 1918 ndiyo iliyowapeleka wajumbe wa Kijerumani Scotland kupokea masharti ya kusalimisha meli zao. Ya tatu, ya 1927, ilizamishwa na ndege za Uingereza huko Bergen, Norway, Aprili 1940. Wapo watu wa Rufiji ambao wazee wao walibeba mizigo na mizinga ya Königsberg kwa miguu kuvuka nchi hii, na wajukuu wao wakitafuta wanapelekwa Norway. Hata kwenye vita ile ile moja zipo Möwe mbili: meli ya upimaji bahari iliyozamishwa na wenyewe Dar es Salaam Agosti 1914, ambayo mabaharia wake walikwenda Ziwa Tanganyika, na Möwe ya kuwinda meli za biashara iliyoanza kazi baadaye huko Atlantiki.

Turudi kwa Mabruk.

Neno Seedie ndilo lenye thamani kubwa kwenye karatasi hiyo kuliko jina la meli. Jeshi la Uingereza lilikuwa likiajiri watu wa pwani ya Afrika katika meli zake za Bahari ya Hindi, na hivyo ndivyo walivyowaandika vitabuni. Ni lile lile sidi unalolikuta katika jina la Sidi Mubarak Bombay aliyewaongoza wazungu bara. Walifanya kazi za boila na makaa ya mawe, walipiga makasia, walisukuma mashua kwenye mawimbi, walifasiri. Baharia wa Kiingereza hakuweza kuzungumza na nahodha wa jahazi usiku wa manane karibu na Pemba bila mtu wa kumsemea, wala hakuzijua miamba na mikondo ya huko. Bila watu hawa ile kazi yote ingekwama. Mshahara wao ulikuwa chini ya wa mzungu aliyefanya kazi ile ile, waliajiriwa kwa muda, na kwa kawaida waliachishwa pale pale pwani muda ulipokwisha. V.G. ni alama ya tabia njema sana, ndiyo iliyoandikwa kwenye vyeti vya mabaharia wakati wa kuachishwa. Kwa hiyo karatasi yako, kwa jinsi unavyoieleza, inaonekana kuwa hati ya kuachishwa kazi kwa heshima. Mzee aliihifadhi kwa sababu ndiyo iliyomwezesha kupata kazi katika meli nyingine.

Lakini lazima niwe mkweli kwako juu ya maneno ya bibi. "Mtu wa London" katika Unguja ya miaka hiyo angeweza kuwa baharia aliyeandikishwa. Angeweza pia kuwa mtu wa mji aliyefanya kazi melini kwa siku, kama mpagazi wa maji, fundi au mwenye mashua. Na angeweza kuwa mtu aliyekombolewa: jahazi lilipokamatwa, waliokuwamo waliletwa London kwanza, wakaandikwa, kisha wakapelekwa kwingine. Wengine walipelekwa kwenye vijiji vya misheni kama Mbweni, wengine Freretown kule Mombasa baada ya 1875, wengine wakabaki mjini kutafuta riziki. Na wako waliokombolewa na meli za Kiingereza wakaishia kuajiriwa nazo, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa ametokea kwenye orodha mbili.

Karatasi yenu inaelekea upande wa baharia aliyeandikishwa. Jina Mabruk halitoshi kukata shauri. Lilipewa watumwa na waliokombolewa, na lilishikwa pia na watu huru. Akina Mabruki walikuwa wengi katika misafara ya bara. Nakueleza haya mapema kwa sababu ukianza kufungua madaftari unaweza kukuta asili ya mzee ni Nyasa au Uyao, na siku ya kwanza ya habari zake ni siku aliyotolewa ndani ya jahazi. Familia nyingine zinapofika hapo huacha kutafuta na kuificha karatasi. Mimi ningewaomba mkae pamoja kwanza, wakubwa kwa wadogo, mkubaliane kama mko tayari kujua. Ikiwa wazee wa nyumba hawataki, haraka ya nini? Madaftari hayaendi popote.

Mkikubaliana, anzieni nyumbani. Piga picha ya karatasi pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Mwandikie kila mzee wa ukoo aliye hai, muulize majina, na hasa kama yupo anayekumbuka neno lolote la kando: jina la nahodha, mtaa mzee alioishi, kovu, jina la utani. Jina la utani ni muhimu, kwa sababu makarani wa meli waliandika majina yetu kwa sikio, na mara nyingi walimpachika mtu jina la kizungu au la mzaha badala ya lake. Mabruk aliyemo katika karatasi yako anaweza kuwa ameandikwa kitabuni kwa tahajia nne tofauti.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Huko ndiko ziliko kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza wa zama za Dk. John Kirk, na ubalozi huo ulishughulikia majahazi yaliyokamatwa, waliokombolewa, madai ya mishahara na ugomvi wa mabaharia mjini. Waombe wakusaidie na miaka ya 1874 hadi 1883. Peleka na karatasi yenyewe, ili mhifadhi aishike, atazame wino na aina ya karatasi. Huyo ndiye atakayewaambia kama ni ya wakati huo, au ni nakala iliyoandikwa na mtu baadaye. Nakala nayo si kughushi. Watu walinakili hati zilizokuwa zikioza.

Sehemu kubwa ya ushahidi iko Kew, Uingereza, katika hifadhi yao ya taifa. Madaftari ya malipo ya meli za miaka 1872 hadi 1884 yamo kwenye fungu ADM 117, na miaka hiyo ndiyo hasa miaka ya London kuwa Unguja, bahati ambayo wanaotafuta meli nyingine hawana. Vitabu vya safari na matukio ya kila siku vimo kwenye ADM 53. Barua za kuhusu biashara ya watumwa, pamoja na habari za majahazi yaliyokamatwa, zimo kwenye FO 84. Orodha yao inatafutika mtandaoni bure, na mtu akienda mwenyewe kusoma halipi; kinacholipiwa ni nakala. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: sensa ya Uingereza ya usiku wa tarehe 3 Aprili 1881 iliwahesabu pia walio ndani ya manowari za nchi hiyo nje ya Uingereza, na kwa hiyo inafaa kutazamwa ikiwa mzee aliandikishwa upya baada ya 1879.

Usitegemee kumkuta katika rejista kuu ya mabaharia, ADM 188, ambayo ndiyo watu huelekezwa kwanza. Hiyo ilikuwa hasa ya walioandikishwa kwa utumishi wa miaka mingi, na watu wa muda wa pwani mara nyingi hawamo. Ukiambiwa "hayumo", maana yake ni kwamba hayumo katika kitabu hicho. Watu wamekata tamaa hapo bure.

Kama una ndugu au rafiki mwaminifu anayeishi Uingereza, yeye ni bora kuliko mtu wa kulipwa. Mwandikie jina la meli na mwaka wa kushushwa majini, namba za mafungu niliyokutajia, na tahajia zote za jina la mzee mnazoweza kuzifikiria. Siku moja ya kusoma inatosha kujua kama madaftari ya London yana safu ya Seedie na kama Mabruk yumo. Mkikosa mtu, wapo watafiti wa kulipwa wanaofanya kazi Kew kila siku. Kabla ya kumlipa, mwulize swali moja: HMS London ya mwaka gani ilikuwa Unguja mwaka 1879, na utatazama fungu lipi? Anayejua kazi atajibu mara moja.

Yule aliyewaomba pesa mmuulize hilo hilo. Kwa jinsi ulivyoeleza, anawaahidi cheti na medali, na hilo peke yake linatosha kunifanya niwasihi mkate mawasiliano. Mtu binafsi hana mamlaka ya kutoa medali ya jeshi kwa mtu aliyeachishwa kazi mwaka 1879, na cheti atakachochapisha nyumbani kwake kitakuwa na thamani ndogo kuliko karatasi mliyo nayo. Kama alishawatajia Gallipoli, basi hata meli hakuitafuta. Msimtumie karatasi ya asili kwa hali yoyote, hata akisema anataka kuithibitisha. Mkisha mtumia fedha tayari, mwende polisi na risiti na mazungumzo yote, mapema.

Juu ya haki anazotaka binamu yako zidaiwe: sioni fedha ya kudaiwa hapa. Utumishi ulikuwa wa muda, miaka karibu mia moja na hamsini imepita, na vita anayoitaja mzee hakuwemo. Namwelewa anachokitafuta, anataka mzee atambuliwe. Hilo linawezekana kwa njia nyingine. Mkilipata jina lake katika daftari la malipo, ombeni nakala iliyothibitishwa, mpeleke nakala moja Kilimani pamoja na picha ya karatasi yenu na masimulizi ya bibi yaliyoandikwa. Habari za mabaharia weusi wa London zimehifadhiwa kwa kalamu za maofisa wazungu karibu zote, na ukoo wenye karatasi na simulizi una kitu ambacho mtafiti hawezi kukipata Kew.

Wakati mnasubiri, itoeni karatasi kwenye mkoba. Msiipeleke kupigwa plastiki ya moto, inaua wino na haitoki tena. Msiibandike kwa gundi wala selotepu palipochanika. Iwekeni bapa ndani ya bahasha safi ya karatasi, ndani ya kitabu kikubwa kisicho na unyevu, mbali na jua na mbali na jiko, na kabla ya kuigusa mkono uwe mkavu. Ukifika Kilimani wahifadhi watakuonyesha namna bora zaidi, na wakikwambia wamelisoma jina kamili la Mabruk chini ya taa yao, niandikie tena na tahajia hiyo.